Siku Niliyowafuturisha Watu Jua Likiwaka

Naona haya kulisimulia hili, maana hadi leo wapo watu hapa Tabora ambao wakikutana nami njiani jioni hutazama jua kwanza, ndipo waniamkie. Lakini aibu ya mzee ikifichwa haimfai mtu, basi sikilizeni.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na marehemu mke wangu, Mama Salma, alifundisha hesabu vilevile. Miaka yote tulisahihisha madaftari kwenye meza moja, yeye na chai yake ya asali ya kwao Sikonge, mimi na kalamu nyekundu, na kila nilipozidisha namba ndefu aliniuliza bila kuinua macho, "Ile moja umeibeba?" Mara nyingi nilikuwa sijaibeba.

Ramadhani iliyopita ilikuwa ya kwanza bila yeye. Nyumba ilinyamaza mno, nikajitolea kuutengenezea msikiti wa mtaani kwetu saa, yaani kikompyuta kidogo cha kukokotoa wakati wa magharibi wa kila siku, jua linapozama, na kupiga kengele, ili Mzee Hamisi, muadhini wetu, aadhini. Sasa kikompyuta chenyewe (ndicho nilichokipata) kilijua namba nzima tu, desimali hakikuzijua. Binti yangu Salma akaniambia kwa simu, "Baba, programu ya kuzidisha desimali ilishaandikwa na watu, ichukue tu." Nikakataa. Nilidai napenda kujifunza, kumbe nilitamani tu kuketi tena kwenye ile meza, hesabu ndefu mbele yangu.

Nikaiandika mwenyewe. Kila namba niliigawa sehemu mbili, tarakimu zake na mahali pa nukta, kama tulivyofanya zamani kwa vitabu vya logi: unazidisha tarakimu, unajumlisha mahali pa nukta, na jibu la tarakimu likifika kumi unairudisha nukta hatua moja kushoto, kisha hatua hiyo unaibeba, unaongeza moja kwenye mahali pa nukta. Nukta niliirudisha. Moja sikuibeba. Wala sikukagua, maana kukagua ilikuwa kazi yake, na nilipomaliza (Mungu anisamehe) nilibaki kidogo pale mezani, kana kwamba angeuliza.

Siku kumi na sita tulifuturu salama. Dakika ambazo saa ilizijumlisha kila siku kwenye wakati wa msingi usiobadilika, ili kupata magharibi, zilipanda taratibu, tisa na nusu, tisa na robo tatu. Siku ya kumi na saba zikafika kumi, na kwa kuwa ile moja haikubebwa, saa yangu ikajumlisha dakika moja tu, ikawa mbele kwa dakika tisa.

Mawingu ya mvua yalikuwa yametanda, jua halionekani, kengele ikalia.

"Mwalimu, mbona mapema?" akauliza Mzee Hamisi.

"Mzee mwenzangu, hiyo ni hesabu," nikamjibu, na kifua nikakitoa.

Akaadhini. Tende zikaingia midomoni, uji ukamiminwa, nami nilikuwa naitema kokwa ya pili wingu lilipopasuka upande wa magharibi, na jua, zima kabisa, likatumulika pale mkekani. Watu waliganda na mashavu yamejaa.

"Mwalimu," akasema Shekhe wa msikiti wetu polepole, "lile ni nini?"

"Ni jua, Shekhe."

"Alhamdulillahi. Nilidhani naona peke yangu."

Basi ikawa kila mmoja ana siku ya kulipa, tena wengine wazee kuliko mimi, wengine wametoka shamba na jembe. Kesho yake nililiona kosa, nikasimama baada ya alasiri nikaeleza yote na kuomba radhi. Mzee Hamisi akatikisa kichwa. "Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, Mwalimu, wewe moja tu imekushinda!" Msikiti mzima ukacheka, nami nikajua wamenisamehe.

Baada ya Idi tuliilipa siku ile pamoja, kwa hiari yao, na safari hii tulilingoja jua kwa macho mpaka likazama. Namshukuru Mungu kwa watu wa namna hiyo.

Saa niliirekebisha, inafanya kazi. Lakini nimeapa kwamba sitaandika tena mstari mmoja wa hesabu bila kusimama na kujiuliza kwa sauti, "Ile moja umeibeba?" Najiuliza kila siku. Swali ni lile lile, na meza ni ile ile. Sauti tu ndiyo siyo ile.