Mguu wa Cherehani

Mtaani kwetu hakuna bomba ambalo halijapita mikononi mwangu. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha mimi, bado tunabishana. Lakini nipe chochote kinachopitisha maji, nitakwambia yanakotoka na yanakokwenda. Basi nikisema kuna jambo lililonifunga mdomo, mimi huyu, jueni si dogo. Lilimtokea mpwa wangu, binti wa dada yangu, mshona nguo tunayemwita Mama Pindo.

Ana cherehani nyeusi ya kukanyaga aliyopewa na mama yake. Mguu wake wa kulia umelikanyaga kanyagio la chuma mpaka linang'aa kama kioo pale unapokaa unyayo. Alikanyaga pekupeku. "Mjomba, kiatu hakisikii," alizoea kusema. "Mguu ndio unaoniambia uzi umekaza au umelegea." Cherehani ya umeme aliikataa kama mchumba mlevi.

Alikuwa mnene, unene wa kupita mlangoni kwa ubavu, na kisukari kilikuwa kimemkalia miaka. Watu walimwambia apunguze kula. Wangekula naye kwanza! Mimi niliye kama ufito nilikuwa namshinda mezani. Alijinyima, akapungua, kisha mwili ukarudi na nyongeza. Vidonge vikafuatwa na sindano, na sukari iko palepale juu.

Siku moja alikuwa ananishonea suruali, maana mwili wangu huu haupatikani dukani, nikaona kitambaa cheupe cha bibi harusi kilichoangukia chini ya mashine kina damu.

"Umejichoma wapi?"

"Sijajichoma, Mjomba. Usinitie mkosi na kazi ya watu."

Nikainama. Kipande cha sindano ya cherehani kilikuwa kimezama unyayoni, chini ya kidole gumba, naye alikuwa akikanyaga nacho tangu asubuhi. Alianza kucheka, akaiona sura yangu, akaacha. Mguu uliokuwa ukisikia uzi, sasa hausikii chuma.

Kidonda kikakataa kupona. Daktari wa upasuaji, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, hakuzunguka: sukari isiposhuka, huenda mguu ukakatwa. Kisha akaeleza upasuaji mwingine. Mfuko wa chakula unapunguzwa, unabaki kama yai, halafu utumbo unaunganishwa nao kwa chini zaidi, chakula kiruke kipande cha kwanza cha utumbo.

"Ngoja kwanza, daktari," nikasema. "Mgonjwa ni mguu, anayepasuliwa ni tumbo? Jikoni kukivuja, utakata bomba la bafuni?"

"Mzee, wewe ni fundi bomba?"

"Fundi? Bingwa!"

"Basi, bingwa, utumbo si bomba tu. Unapeleka habari mwili mzima. Tukibadilisha njia ya chakula, habari nazo zinabadilika. Sukari inaweza kushuka hata kabla ya uzito."

Kabla! Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia. "Hilo likitokea, mpwa wangu aninyoe ndevu hizi kwa mkasi wa vitambaa."

Daktari hakuficha ubaya. Maungio yanaweza kuvuja. Vitamini atameza maisha yake yote. Na si kila aliyepasuliwa sukari humwachia. Mpwa wangu alisikiliza, mguu wa kulia ukipiga sakafu, juu, chini, kama uko kazini.

"Mjomba," akasema, "nguo za watu nazipunguza kila siku, wanazivaa na kupendeza. Na mimi nipunguzwe. Bila mguu nitakuwa nani?"

Alipasuliwa, akatoka salama. Siku chache baadaye nikaenda wodini, mzaha wangu uko tayari mdomoni. Nikamkuta ameketi, mwili uleule, mashavu yaleyale. Muuguzi akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Akatazama. Akatoboa kidole kingine.

"Kuna nini?" nikauliza, roho mkononi.

"Iko sawa, mzee. Kama ya mtu asiye na kisukari. Na insulini hatujampa tangu jana."

Jamani! Hakuwa amepungua hata kiasi cha pete kulegea kidoleni. Sukari iliyoshinda vidonge, sindano, njaa na maombi ya dada yangu, ilisikia nini huko ndani? Nani aliiambia? Maisha yangu yote najua kinachoingia huku kitatokea kule, basi. Kumbe ndani ya mtu mna njia ambayo ukiisogeza kidogo tu, damu ya kidoleni inapata habari. Nilikitazama kile kidole kama mtu anayeona mwezi kwa mara ya kwanza.

"Mjomba, unalia?"

"Dawa za humu zinawasha macho."

"Haya, niletee mkasi wangu."

Alininyoa mwenyewe, vibaya, makusudi.

Uzito ulifuata taratibu, na kidonda kikafunga, kikiwa hakina haraka. Ganzi ya unyayo haikuisha yote, hivyo pekupeku amekatazwa. Sasa huvaa kiatu laini, na kila asubuhi kabla ya kazi huinua unyayo na kuukagua kwa kioo, kama anavyokagua mshono. Uzi anausikiliza kwa masikio.

Juzi aliniita nikajaribu ile suruali. Alikuwa anamalizia pindo, nami nikasimama mlangoni, kidevu ninachokinyoa mpaka leo, nikiutazama mguu wa kulia ukipanda na kushuka juu ya chuma.

"Mbona umeganda? Ingia basi."

Sijawahi kumvulia mtu kofia, waulizeni. Siku hiyo niliuvulia mguu.