Mkurungu Niliouandika kwa Hasira

Kaka yangu na mimi hatupatani, na sitaki kulipamba jambo hilo. Amenizidi miaka sita, ni seremala, na karakana yake iko kando ya ile barabara ya zamani waliyopita wapagazi kutoka Tabora kwenda Ujiji. Huwaambia wateja kwamba babu wa babu yetu alibeba pembe za ndovu mabegani mpaka pwani. Alibeba, sawa, lakini nina hakika hakuwa na kiburi cha huyu.

Ugomvi wetu ni wa randa. Baba naye alikuwa seremala, na alitufundisha wote wawili kuzitambua mbao tukiwa tumefumba macho: unakwangua kidogo kwa kucha, unanusa, unataja. Mimi nilikuwa sikosei. Kaka alikuwa akikosea, na baba alikuwa akimcheka. Baba alipofariki nikaomba randa yake tu, basi, si nyumba wala shamba. Kaka akanijibu mbele ya watu wote waliokaa matanga, "Mwanamke na randa wapi na wapi? Kaolewe." Nyoo! Sikuolewa. Nikaenda kusoma misitu.

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya vinasaba. Gogo likishapasuliwa mbao halina tena jani wala ganda, na mwenye mali anaweza kukutajia jina lolote analotaka. Basi unachukua kipande kama kijiti cha kiberiti, maabara wanakisaga, wanatoa vinasaba, wanasoma mstari wa herufi. Kisha wanaulinganisha na mistari ya miti inayojulikana, na hiyo inajulikana kwa sababu kuna mtu alisimama chini ya mti msituni, akakata sampuli, akaandika lebo. "Mashine haijawahi kuona mti," bosi wangu alikuwa akitukumbusha kila tulipotoka kwenda porini. "Inaamini lebo yako." Alirudia mpaka tukamchoka.

Mwaka tulioanza kukusanya sampuli hizo, tuliingia msitu wa kijiji kimoja upande wa Ulyankulu. Wanakijiji wakatupa mtu wa kutuonyesha miti, na nani kama si kaka yangu! Alikuwa akinunua magogo kwao kila msimu na aliujua msitu kuliko mgambo wao. Kutwa nzima hakuniita jina. Aliniita "mtaalamu", na kila akilitamka anawakonyeza wenzangu. Mtaalamu, angalia upupu. Mtaalamu, panga halishikwi hivyo. Damu ilikuwa ikinichemka, na jua lile la kiangazi halikunisaidia.

Miti yote ilikuwa imepukutika majani. Tukafika kwenye mmoja mnene, ambao mwaka ule hata haukuzaa. Nikauchanja ganda, ukatoa utomvu mwekundu. Mninga hutoa utomvu wa namna hiyo, na mkurungu, ambao ni ndugu yake, pia. Kisheria sasa ndipo inapotengana: mninga unavunwa kwa kibali cha kawaida, lakini mkurungu bila kibali chake maalumu ni kesi. Sisi tulikuwa hatujapata mkurungu hata mmoja.

"Huu mninga," kaka akasema. "Au huko chuoni mnauitaje, mtaalamu?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Nikaandika mkurungu.

Niliandika kwa herufi kubwa, nikaifunga lebo kwenye mfuko wa sampuli, kisha nikamtazama kwa macho makavu. Akaniambia nimekosea. Nikamuuliza, "Kati yetu, nani aliyesoma?" Nilifurahi njia nzima mpaka nyumbani.

Ikapita miaka minne. Siku moja tuliitwa kwenye kizuizi cha mazao ya misitu, lori limesimamishwa, maofisa wana wasiwasi na mbao. Kaka alikuwa amekaa kwenye tairi la akiba. Kibali chake kilisema mninga, kutoka msitu uleule, na mbao zilikuwa za mabenchi ya kanisa letu. Nilikata sampuli zake kwa raha zangu, sifichi.

"Na wewe kajipime hayo mavinasaba yako," akaniambia, "tujue kama kweli tumetoka tumbo moja."

"Naomba Mungu isiwe," nikamjibu.

Majibu yakarudi: mkurungu. Mbao zikazuiwa, karakana ikafungwa kwa mnyororo, kaka akapewa tarehe ya kufika mahakamani. Watu walisema hawezi kukwepa kifungo. Wifi yangu, mkewe, alikuja kwangu asubuhi, hakupiga hodi wala hakunisalimu.

"Mume wangu anakwenda jela kwa mninga."

"Wifi, mashine haimjui mumeo."

"Lakini wewe unamjua," akasema, akageuka akaondoka zake.

Nikaenda ofisini nikaiomba ripoti nzima. Mninga wetu wa kulinganishia ulikuwa umetoka mkoa mwingine, na mbao za kaka zilipishana nao herufi chache. Mkurungu ulikuwa mmoja tu katika kumbukumbu zote, na mbao za kaka zilifanana nao herufi kwa herufi. Nikatazama namba ya sampuli hiyo, nikatazama picha ya lebo. Mwandiko wangu!

Masika yalikuwa yamekwisha. Nilikwenda peke yangu kwenye ule mti, nikatazama juu. Matunda yalijaa tele, mapana kama chapati ndogo, na miiba imejikusanya katikati. Mninga mtupu. Nilikaa chini nikajitukana kwa sauti, matusi ambayo mama angenizaba kofi kwayo.

Bosi wangu hakufoka, nami ningependa afoke. Alisema kosa la namna hiyo hutokea, ilikuwa kiangazi, majani hayakuwepo. Akaandika hivyo kwenye barua, nikatia sahihi. Lebo ikasahihishwa, kesi ikafutwa, mnyororo ukafunguliwa.

Hapo ningeweza kutulia kwangu. Kitu gani kilinipeleka karakana mpaka leo sijui, labda nilitaka anishukuru. Nilimkuta anapiga randa ubao wa benchi, kwa randa ileile ya baba. Nikamwamkia, "Shikamoo, kaka," kwa mara ya kwanza tangu matanga.

"Marahaba." Hakuinua uso. "Nimesoma barua yenu. Eti kiangazi."

"Ndiyo."

Akaokota pande la maranda chini, akaninyooshea. Sikuwa na haja ya kulisogeza puani, harufu ilikuwa imejaa karakana nzima.

"Siku ile ulipouchanja," akasema, "ulinusa?"

Nilikuwa na barua yenye mhuri mkobani. Ningesema hapana, angeamini. Serikali yenyewe ilikuwa imeshaamini. Lakini alikuwa ananitazama kama baba alivyokuwa akitutazama tukifumba macho, akingoja nani atakosea.

"Nilinusa."

"Ukajua?"

"Nilijua kabla hujafungua mdomo."

Akaiweka randa juu ya ubao, taratibu. Kisha akaniita kwa jina langu, lile la nyumbani, ambalo hakuwa amelitamka tangu tulipomzika baba.

"Nilishamwambia wifi yako kwamba nakusamehe," akasema. "Nilidhani hukuutambua mti."