Maamkizi ya Nibigira na Nahimana

Cyrille aliiba sauti za wanawake wawili. Neno ni hilo, halina haja ya kupambwa. Alizichukua mchana kweupe, pale bombani katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwa simu yake, huku akicheka nao, akazitangaza kwa jina lake peke yake. Alipoulizwa, akamsingizia mmoja wa wanawake hao kwamba ndiye aliyemuuzia.

Aliyesingiziwa ni Nibigira.

Nibigira alizaliwa Ruyigi, Burundi, kwenye kilima ambacho wanawake wake hawakuamkiana kwa maneno makavu. Walipokutana walishikana mabega, mmoja akaanza kuimba, mwingine akapokea, na sauti zikapishana mbio mbio hata msikilizaji asijue pumzi ni ya nani. Maamkizi hayo huitwa akazehe. Ndani yake unaulizwa habari za mume, za ng'ombe, za mtoto aliyekuwa na homa, na kila swali unalipokea hapo hapo. Mtu mmoja hawezi kuyaimba. Na ukiamkiwa hivyo ukanyamaza, umemtupa aliyekuamkia mbele ya watu. Afadhali ungemtukana.

Shule hakuiona. Vita vilimtoa kwao akiwa msichana, akakaa kambini Tanzania miaka mingi, kisha akaingia Malawi na watoto wawili na sufuria moja. Hapo Dzaleka akawa anakaanga mandasi, maandazi ya huko, na kuyauza kando ya barabara. Bombani ndipo alipokutana na Nahimana, mwanamke wa Makamba, huko huko Burundi, mjane kama yeye, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Siku ya kwanza tu Nibigira alimwamkia kwa akazehe, na Nahimana akatua ndoo akapokea kana kwamba walilelewa nyumba moja.

Kambini hapakuwa na ng'ombe wa kuulizia. Basi wakaingiza mambo yao. Nibigira aliuliza, unga wa mgao umefika? Paa limevuja? Jina lako lilisomwa ofisini, au umerudi mikono mitupu? Nahimana akapokea kila swali kwa kejeli hata wanawake kwenye foleni wakashikana mbavu. Lakini kabla ya kumaliza, Nibigira alikuwa akishusha sauti na kuuliza swali moja lisilochekesha: Nella amelala? Nahimana alipokea, amelala. Nella alikuwa binti wa Nahimana, aliyezikwa kule Tanzania, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akimuulizia.

Siku moja akaja Cyrille. Alikuwa mtu wa Bukavu, Kongo, msomi, mwalimu wa kwaya, shati lake halikujua mkunjo. Mtu akitaka barua ya ofisini, alimwendea Cyrille.

"Bamama," akasema, "hii kitu yenu iko ya bei kubwa. Kuko bantu ku Ulaya, ku Nairobi, banatafuta basanii ba Afrika bababebe mbele. Mi nitawaandikia dosiye, makaratasi yote. Nyie muimbe tu."

"Na jina?" Nahimana akauliza. "Utaandika jina la nani?"

"Ya kwenu, mama! Ningeandika ya nani?"

Wakaimba, simu ikiwa mbele yao. Baada ya wiki chache Cyrille alimletea Nibigira kitenge kipya, cha kijani, akasema ni heshima tu kwa mkubwa. Nibigira alikishona akakivaa kanisani. Hakujiuliza kwa nini Nahimana hakuletewa.

Mwezi ule ule, akiwa sokoni anageuza mandasi kwenye mafuta, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye redio ya fundi simu. Alidhani ana homa. Akasikia ya Nahimana inapokea. Akasikia, Nella amelala? Kisha mtangazaji wa Lilongwe akaingia na furaha yake: hiyo ni kazi ya mtunzi chipukizi wa Dzaleka, Bwana Cyrille, aliyejipatia nafasi ya kukaa mjini mwaka mzima akiandaa onyesho lake. Mandasi yaliungua yote.

Nahimana naye alisikia. Alimkuta Cyrille bombani, wanawake wamejaa, akamshika shati.

"Mtoto wangu anatafuta nini kwenye redio?"

Cyrille hakubabaika hata kidogo. "Muulize Nibigira. Yeye njo aliniuzishia. Kitenge kile anavaa, we unafikiri kilianguka mbinguni?"

Basi. Kitenge kilikuwa kimeonwa na kanisa zima. Nibigira alikwenda kwa Nahimana akala kiapo kwa watoto wake, akalia, akakirarua kile kitenge mlangoni. Nahimana alifunga mlango. Tangu hapo wakawa wanapishana njiani kama watu wasiojuana, na wanawake wa bombani wakimwona Nibigira anakuja walikohoa kwa makusudi. Cyrille alihamia Lilongwe. Alipokuja kambini mara moja moja, alishuka na miwani ya jua, watu wakimpa mkono.

Aliyemtoa Nibigira kwenye shimo hilo ni Gertrude, jirani yake, mshonaji, naye pia wa Bukavu, mwanamke mnene mwenye maneno mengi na moyo mpana kuliko maneno. Siku moja alimwita kwa kelele kutoka kwenye cherehani yake.

"Dada Nibigira, we! Kuya hapa. Kuko konkur, shindano ya basanii ba Afrika yote. Banakupatia mafunzo, vyombo, na banakulipa ufanye kazi yako. Na sikia: habatafute makaratasi. Mutu asiyejua kuandika anatuma sauti yake, anajieleza kwa mudomo."

"Mimi ni msanii gani, Gertrude?"

"We njo unauliza? Yule mwizi alikula na sauti ya nani?"

Masharti yalikuwa mawili. Kazi iimbwe na wenyewe walioitunga, na majina yao yatajwe kwa vinywa vyao wenyewe. Nibigira aliposikia la majina, akakaa chini. Ilikuwa kama mtu ameandika sharti hilo akimwangalia yeye.

Wakajaribu siku hiyo hiyo. Gertrude akashika simu, Nibigira akaanza. Aliuliza swali la kwanza, kimya. La pili, kimya. Akaacha.

"Endelea basi!"

"Nitaendeleaje? Hakuna anayepokea."

"Mi nitapokea." Gertrude akajikohoza, akaweka mkono kifuani. Nibigira akaanza tena, na Gertrude akapokea kwa nguvu zake zote: "Ndiyooo! Haleluya! Iko salama!"

Wakacheka mpaka Gertrude akaomba maji. Alipomaliza kujifuta machozi akasema, "Tutafute basi Irankunda, yule wa kwaya. Iko na sauti ya asali. Umufundishe."

Nibigira alikaa akifikiri. Irankunda angeweza kujifunza. Lakini angefika kwenye swali la Nella, Irankunda angepokea nini? Angepokea neno tu. Kulitoa swali lile nako hakuweza, maana bila Nella maamkizi yale yalikuwa utani wa foleni.

"Ni Nahimana," akasema. "Au hakuna."

"Haongei na we."

"Haongei. Lakini nikimwamkia atafanya nini?"

Gertrude alielewa, akakamata simu yake. Nibigira akamshusha mkono. "Simu ibaki hapa."

"Dada! Kama atapokea, tutakuwa tumeshapata!"

"Tukimrekodi hajui, mimi na Cyrille tofauti yetu ni nini? Sketi?"

Asubuhi Nibigira alikwenda bombani, foleni ikiwa ndefu. Kikohozi kile kikaanza. Nahimana alikuwa amempa mgongo, anashika mpini wa bomba. Nibigira alitua ndoo, akasimama nyuma yake, na mbele ya wale wote akaanza.

Swali la kwanza, mgongo haukugeuka. Mpini ukaendelea kulia. Swali la pili, la paa. Wanawake wakaacha kukohoa. Mpini ukasimama. Nibigira alijua kwamba wakifika mwisho hivyo, ametupwa, na hatakuwa na uso wa kurudi kuchota maji hapo. Akauliza la unga. Akauliza la ofisini. Mgongo ule ule. Akabakiwa na moja. Akashusha sauti, akauliza kama zamani, polepole, kama mtu anayechungulia chumba chenye mtoto: Nella amelala?

Nahimana aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Amelala," akapokea, kwa ile sauti nzito. "Alikuwa ameamshwa na redio. Sasa amelala."

Akamshika mabega, akayarudia maswali yote tangu mwanzo, moja baada ya jingine, yeye sasa akiuliza na Nibigira akipokea, na pale kwenye unga akatia kejeli mpya iliyoiangusha foleni kwa kicheko. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele, wengine wakafuata. Ndoo zilisahauliwa.

Walipotulia, Nibigira alimweleza habari ya shindano, yote, pamoja na simu iliyoachwa nyumbani. Nahimana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe ungeimba na Irankunda?"

"Nilikataa."

"Ungethubutu!" Akajitwisha ndoo. "Haya, hiyo simu iko wapi?"

Waliitwa Lilongwe kabla mahindi hayajakomaa. Ofisi ya kambi iliwapa ruhusa ya kutoka, Gertrude akawashonea nguo za rangi moja, akakataa kulipwa, akasema watamtaja wakifika. Walilala mtaa wa Nsungwi kwa Carelle, dada wa kanisa moja nao, aliyewapikia nsima, ugali wa huko, na samaki na kuwaombea kwa sauti mpaka majirani wakaitikia amina. Asubuhi wakapita Capital Hill, penye ofisi za serikali, Nahimana akinong'ona kwamba magari yote yale huenda yana watu waliosoma, na bado yamekwama kwenye msongamano.

Ukumbini walikuta waliochaguliwa wengine, wachoraji, waandishi, watoto wa mjini wenye kompyuta. Na katika safu ya mbele, miwani ya jua juu ya paji la uso, alikaa Cyrille. Naye aliitwa, kwa kazi ile ile aliyoituma kama yake. Alipowaona, alitazama mlango.

Wanawake wakapanda jukwaani. Wakashikana mabega, wakafumba macho, wakaimba. Kwanza watu walitabasamu, kisha wakacheka penye unga, ingawa wengi hawakujua lugha. Penye Nella walinyamaza. Makofi yakapigwa.

Lakini kiongozi wa waamuzi, mama wa Kimalawi aliyeitwa Mayi Chimwala, hakupiga. Alikuwa amekunja uso. Akazungumza, na mkalimani akawageuzia.

"Zikomo, amayi, asanteni. Mmeimba vizuri. Lakini kazi hii niliisikia redioni, na tunayo hapa kwa jina la bwana mmoja aliyeketi humu. Mmeitoa kwake?"

Nibigira alimtazama Nahimana. Walikuwa wamekuja kutaja majina yao, sasa ndio wanaoitwa wezi. Nahimana ndiye aliyesogea mbele.

"Bwana huyo yupo," akasema. "Mimi sina neno refu. Mwulizeni swali moja tu. Nella ni nani?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Cyrille. Akasimama, akaivua ile miwani, akaikunja, akaikunjua.

"Nella ni... ni mfano," akasema. "Ni jina la kiasili tu. Alama ya amani."

"Ni mtoto wangu," akasema Nahimana. "Nilimzaa, nikamnyonyesha, nikamzika. Hana amani yoyote ya kukuonyesha wewe. Kila asubuhi rafiki yangu huyu ananiuliza kama amelala, nami namjibu. Kazi yetu ndiyo hiyo. Yeye anaitwa Nibigira, mimi naitwa Nahimana, na nguo hizi zimeshonwa na Gertrude."

Mkalimani alimaliza. Mayi Chimwala alivua miwani yake ya kusomea, akainuka kwenye kiti, akaanza kupiga makofi peke yake, na safari hii ukumbi wote ukasimama. Cyrille alipita kando ya ukuta akatoka. Kazi yake iliondolewa siku hiyo hiyo, na yale aliyokuwa anapewa mjini yakasimamishwa.

Walichaguliwa. Sasa Nibigira na Nahimana wanalipwa kwa kazi yao, kazi ambayo mama zao waliifanya bure na kuitwa wapiga domo. Wana chumba chao Dzaleka, chenye mikeka na vyombo vya kurekodia, na wasichana wa Kirundi wanakuja kufundishwa wawili wawili, kamwe si mmoja. Hata wa Bukavu wanakuja, na Gertrude ni wa kwanza, ingawa bado anatia haleluya mahali pasipotakiwa. Wamekwishaimba Blantyre, na wamealikwa Kigali. Redio ilirudia maamkizi yao, na mtangazaji akayataja majina yote mawili polepole, akaomba radhi. Nibigira alikuwa pale pale sokoni kwa fundi simu. Bombani hakohoi mtu. Wale waliokuwa wakikohoa ndio wanaompisha mbele ya foleni, naye hupita, bila kuwashukuru.

Kimebaki kitu kimoja, na anayedaiwa ni Cyrille. Alituma watu na maneno laini, akatuma mchungaji, akatuma na kitenge kingine, kikarudishwa kilivyo. Hivyo vyote si deni lake. Anadaiwa kuja mwenyewe bombani, asubuhi, foleni ikiwa imejaa, asimame mahali aliposimama siku ile, na kwa kinywa kile kile aseme kwamba Nibigira hakuuza kitu. Kisha amtaje Nella, sasa anajua ni nani.

Anayefika ndiye anayeanza kuamkia, hivyo itabidi aanze yeye. Nahimana amesema atampokea. Nibigira hajasema.