Siku Jina Langu Lilipoitwa Nje ya Mlango

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila nikishika ufunguo. Ilikuwa Jumapili mchana, hapa Johannesburg, miaka michache kabla ya korona. Nilisimama nyuma ya mlango nilioufunga mwenyewe, nimevaa sare ya ulinzi, na nje ya mlango huo alikuwepo mdogo wangu Neema.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, ili wadogo zangu watatu wasome. Usishangae basi nikikuita mwanangu ilhali mvi zangu bado ni chache. Aliyelea wadogo zake huanza uzee mapema.

Sisi watu wa kwetu tuna chama cha kuzikana. Mtu akifa huku ugenini, baraza la chama hukaa na kuamua azikwe wapi, na nani asimamie. Wakati ule chama kilikuwa mikononi mwa mtu tuliyemwita Komanda, mwenyekiti wake, mwanajeshi wa zamani. Wajumbe waligombana, yeye akachukua funguo za ukumbi, akasema atazishika miezi mitatu tu mpaka watu watulie. Uchaguzi ukafanyika, na upande uliompinga ukapata viti vingi. Komanda akasema watu bado hawajatulia. Baraza halikuitwa.

Mimi nilimtii. Ndiye aliyenitafutia kazi ya ulinzi mtaa wa Hillbrow, na ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Watu wa jengo letu walikuwa wamenichagua kuwa mjumbe, lakini nilijiambia mambo ya baraza ni ya waliosoma. Yangu ni kuhakikisha nyumbani wamekula.

Kisha mume wa Mama Furaha akafa. Siku ya tisa alikuwa bado mochwari, kwa sababu Komanda alimwambia mjane kwamba marehemu alikuwa mpinzani, hivyo chama hakimjui. Hapo waliochaguliwa wakaitisha kikao wenyewe. Komanda akanipa ufunguo wa ukumbi, ghorofa ya pili ya jengo la zamani katikati ya jiji, akaniagiza nisimfungulie mtu.

Walikuja kumi. Baraza lilikuwa na viti ishirini na kimoja, na chini ya wajumbe kumi na mmoja uamuzi hausimami. Wengine waliogopa kuja. Nikawaambia kupitia mlangoni kwamba kikao kisichoitwa na mwenyekiti si kikao.

Aliyenijibu ni Mzee Ilunga, fundi mwenye cherehani yake karibu na stendi ya teksi. Zamani, huko kwetu, alikuwa mbunge. Hakupaza sauti, na aliniita papa, yaani baba, kwa heshima ya kwetu.

"Wanajeshi walitufungia bunge hivi hivi," alisema. "Wakaweka kijana mlangoni, sare safi kama yako. Sisi tukakutana kwenye karakana ya seremala, tukakaa juu ya mbao. Bunge ni wale waliotumwa na watu, papa. Yule kijana alikuwa analinda viti."

"Na hivi vyenyewe vya plastiki, eish," mmoja akaongeza, na wote wakacheka pale ngazini. Nilikasirika. Mtu aliyevaa sare hapendi kuchekwa.

Mzee akamwambia Neema, ambaye alikuwa amechaguliwa kuwa katibu, asome majina. Niliacha shule ili mtoto yule ajue kusoma, na sasa nilimsikia akisoma upande wa pili wa mlango. Kila aliyekuwepo alijibu, "Nipo." Kwa asiyekuwepo alingoja kidogo, akaendelea. Kisha akasoma langu.

"Amani Kabeya."

Nikaushika ufunguo. Akarudia kwa sauti ile ile ya katibu, si ya mdogo wangu.

"Nipo," nikasema kutoka ndani.

"Mlango hauna kura," alisema Mzee Ilunga. "Kama wewe ni mjumbe, toka."

Ndipo Neema akasogea karibu, akasema polepole, sasa kama mdogo kwa kaka yake mkubwa, "Yaya, Mama Furaha amekaa hapa kwenye ngazi tangu asubuhi."

Nikafungua. Sikuwaingiza ukumbini, nilitoka mimi, tukawa kumi na mmoja, na kikao kikafanyika pale pale ngazini, tukaamua marehemu azikwe na chama. Marehemu alizikwa Jumatano, chama kizima kikimsindikiza. Ufunguo nilimrudishia Komanda kesho yake, naye akaniachisha kazi kabla sijakaa. Kwa miezi kadhaa Neema alisuka watu nywele ili tule. Kula kwa jasho la niliyemlea kulikuwa shida kwangu, sikufichi, lakini nilikula.

Mwanangu, kosa langu halikuwa woga. Kila mtu mwenye wategemezi huogopa. Kosa langu ni kuuita woga ule utulivu. Iwe chama cha kuzikana au bunge la nchi, waliochaguliwa hawahitaji ruhusa ya mwenye bunduki ili wakae, hata kama wao ni wapinzani, hata kama jengo liko mikononi mwake. Akifunga mlango, wakae ngazini. Ukiwa wewe ndiye uliyewekwa kulinda mlango, jiulize nani amekaa nje tangu asubuhi. Na kama watu wamekuchagua, usidhani darasa la sita linakupunguzia kiti. Wao walijua umesoma mpaka wapi walipokuchagua.

Mungu akupe masikio ya kulisikia jina lako likiitwa, na miguu ya kutoka nje kuliitikia.