Jumamosi Ataka Siku Saba

Mtaa mzima ulimwita Jumamosi, na jina hilo alilipata kwa haki. Siku sita za wiki alikuwa fundi cherehani kama mafundi wengine, tepu shingoni, chaki mkononi, akishona mashati na sketi za shule katika kibanda cha chumba kimoja kilichopakana na cha kinyozi. Siku ya saba, yaani Jumamosi, wateja walikuta kufuli. Mwenyewe alikuwa kambini, buti zinang'aa, akitumikia jeshi la akiba. Kwa miaka sita hakukosa hata mara moja. Harusi za ndugu zake zilipita bila yeye, akaishia kuziona kwenye picha.

Yule kinyozi ndiye mumewe, mtu ambaye ulimi wake ni mkali kuliko wembe wake. "Mimi nimeoa mke wa siku sita," aliwaambia wateja wake. "Ya saba nimeikopesha serikali."

Kambini alipangiwa kikosi cha miavuli, ile ambayo askari huruka nayo kutoka kwenye ndege. Usidhani alikuwa anaruka. Alikaa kwenye cherehani nyuma ya ghala, akiziba matundu na kurudishia mishono iliyofumuka. Chumba cha pili, chenye meza ndefu kama ukumbi, ndimo miavuli ilimokunjwa. Humo aliruhusiwa kusimama mlangoni tu, na alisimama sana. Aliwatazama wale wakunjaji wakilaza kitambaa pindo juu ya pindo, na kila hatua mkunjaji anainua mkono na kuita, "Mkaguzi!" Mwingine anakuja, anashika, anaitikia kwa kichwa, ndipo kazi inaendelea. Jumamosi aliutamani ule mlango kuliko alivyowahi kutamani kitu kingine chochote.

Basi Jumatatu moja sajini wa miavuli, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, aliingia kibandani na fomu mkononi.

"Chumba cha kukunjia kina nafasi moja, jeshi la kudumu," alisema. "Nimetaja jina lako. Fomu irudi Ijumaa kabla ya saa kumi."

"Na nikiomba muda kidogo, afande?"

"Mwezi ujao unatimiza miaka thelathini na sita. Baada ya hapo hawapokei mtu. Sitarudi tena na fomu nyingine."

Mumewe alipoisikia habari hiyo aliacha kichwa cha mteja kikiwa na povu. "Mke wangu, miaka sita wewe na jeshi mnatoka sare tu. Nenda kafunge bao!" Kisha akapunguza sauti. "Lakini mimi si refa. Refa yuko nyumbani."

Refa alikuwa mama mzazi wa Jumamosi. Cherehani ile ilikuwa yake, na kazi yote ya mwanawe ilitoka mikononi mwake. Zamani nguo haikutoka kibandani mpaka apitishe vidole kwenye mshono na kusema, "Imepita." Sasa macho yalikuwa yamemchezea, anaona ukungu tu, akawa anashinda nyumbani akisikiliza redio. Na Jumamosi, pamoja na buti zake zote, asingekwenda popote bila radhi ya mama huyo.

Alimweleza jioni ile ile. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Akiba haiozi, mwanangu. Baki kwenye akiba yako."

"Akiba haiozi, mama. Lakini mimi nazeeka."

"Na hii cherehani unamwachia nani? Imekulisha, imekusomesha, imekuoza kwa mume. Leo unaitupa ukaitumikie serikali siku saba?" Akaongeza sauti ya redio, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumanne hawakusemeshana zaidi ya salamu. Siku ya Jumatano, Jumamosi aliijaza fomu yote akabakiza sehemu mbili, sahihi yake na jina la shahidi, akaitia kwenye droo ya nyuzi. Kila alipofungua droo kutafuta uzi mweupe aliiona. Moyo ulimuuma, tena uliuma vibaya, maana alijua mama hasemi kwa ubaya. Alianza kujiambia kwamba labda inatosha kuwa mtu wa Jumamosi. Hakujiamini hata kidogo alipojiambia hivyo.

Alhamisi mchana mwalimu mmoja alikuja kuchukua sketi ya marinda ya binti yake. Mama naye siku hiyo alikuwa ameketi kibandani, amechoka na redio. Jumamosi alipiga pasi, akalaza rinda juu ya rinda, akili yake iko kambini, na alipofika rinda la mwisho akainua mkono juu akaita kwa sauti ya kijeshi: "Mkaguzi!"

Mwalimu akaruka. Kinyozi akatokeza kichwa na wembe mkononi. "Kuna nini huko, mmevamiwa?"

Jumamosi alitamani ardhi ipasuke. Lakini mama alikwishainuka, kwa mazoea ya miaka yake, akaivuta sketi na kupitisha vidole. Moja, mbili, tatu. "Rinda la saba limekwenda kombo," alisema. Jumamosi akalirekebisha, mama akashika tena. "Imepita." Mwalimu akachukua sketi yake akaenda zake.

"Sasa niambie," mama alisema, "mkaguzi ni nani?"

Jumamosi akamweleza habari za ile meza, mikono inayoinuliwa, na kwamba kule hakuna anayeamini macho yake peke yake.

"Na mkunjaji akikosea?"

"Mtu anakufa, mama."

Mama alikunja pindo la kanga yake kwa vidole. "Na wewe unakunja vipi? Kama hivi?"

"Mimi sikunji. Watu wa Jumamosi haturuhusiwi. Wanasema mkono usiokunja kila siku husahau. Sisi tunaziba matundu tu."

"Matundu?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka sita?"

"Miaka sita."

Wee! Mama alisimama akapiga kofi kwenye meza mpaka mkasi ukaruka. "Mwanangu mimi! Niliyemfundisha marinda akiwa hajaota meno ya ukubwani! Wengine wanakunja, yeye wanamkalisha nyuma ya ghala aweke viraka? Na wewe unanyamaza tu! Iko wapi hiyo fomu?"

Kinyozi alirudi kwa mteja wake akicheka peke yake. "Refa ametoa penalti," alisema.

Ijumaa saa nane mama alikuwa kambini, gauni lake zuri, mkono begani kwa mwanawe. Jumamosi alitia sahihi. Sajini akauliza, "Shahidi ni nani?"

"Ni mimi, niliyemshikisha sindano," mama alijibu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizopanda mlima. "Nimesikia mnamzibisha matundu."

"Sasa atakunja, mama. Na mwavuli wa kwanza atakaoukunja ataruka nao mwenyewe. Ndiyo sheria yetu."

Jumamosi aliinamisha kichwa. Hilo hakuwa amethubutu kulisema nyumbani.

Mama alishika meza, akavuta pumzi. "Sheria nzuri. Gauni la kwanza nililoshona nililivaa mwenyewe mpaka sokoni. Fundi asiyevaa kazi yake mwogope."

Cherehani haikulala njaa. Walimweka mshonaji jirani, na mama akarudi kukagua, vidole vikifanya kazi ya macho. Miezi mitano ikapita kwenye meza ndefu, na mikono ya Jumamosi ikajifunza kila pindo mpaka akawa anakunja shuka za kitanda kwa kuhesabu. Ikaja siku yenyewe, na haikuwa Jumamosi. Ilikuwa Jumanne, kweupe, uwanja wazi wa kambi, ndege inanguruma juu.

"Nitazamie," mama alimwambia mkwewe, "na usinifiche kitu."

Kinyozi alitangaza kama mtangazaji wa mpira. "Mlango umefunguliwa. Wa kwanza huyo, katoka! Wa pili! Wa tatu, huyo ni wetu, mama, namjua kwa miguu... anashuka... anashuka bado..." Mama akamkamata mkono, kucha zikamwingia. "Umefunguka! Mama, umefunguka, wote, mweupe, mzima!"

Jumamosi alitua kwa magoti, akainuka, akaja mbio akicheka na kulia pamoja, amekumbatia rundo la kitambaa. Alipofika mbele ya mama yake alisimama wima, akainua mkono juu.

"Mkaguzi!"

Mama aliushika mwavuli. Akautafuta mshono, akapitisha vidole polepole kutoka pindo mpaka pindo. Sajini alisubiri, askari wakasubiri, kinyozi naye akasubiri. Kisha vidole vikaacha kitambaa, vikapanda mpaka kwenye shavu la mwanawe, lenye vumbi na machozi.

"Umepita," mama alisema.