Bunduki Nyepesi ya Bi Shabaha

Ile bunduki nyepesi aliiomba mwenyewe, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Angelazimishwa kuipokea, angekuwa na wa kumlaumu.

Kazi yake ilikuwa kuwakinga wakulima na wanyama waharibifu, hasa nguruwe pori. Wenzake kwenye kituo cha wanyamapori walimbatiza Bi Shabaha tangu akiwa msichana, kwa kuwa mkono wake haukuwa na maneno mengi: akilenga, imekwisha. Miaka yote hiyo alibeba bunduki moja ya mtutu mrefu na kitako cha mti mgumu, nzito kama mtoto aliyegoma kutembea. Mwishowe bega la kulia likaanza kulalamika. Kwanza lilimuuma asubuhi tu, baadaye hata kuinua sufuria ikawa shughuli. Daktari alimwambia apunguze mizigo.

"Daktari," alimjibu, "mzigo wenyewe ndiyo ajira yangu."

Akaanza kuomba bunduki nyepesi. Aliomba mikutanoni, akaomba koridoni, mpaka mkuu wa kituo akimwona kwa mbali akawa anageuza njia. Hatimaye ikaja: fupi, mtutu mwembamba, komeo lake la kuvuta kwa mkono linateleza kama limepakwa siagi. Bi Shabaha aliinyanyua kwa mkono mmoja mbele ya watu wote akacheka.

"Umeridhika sasa, mama?" mkuu akamuuliza. "Habari za bega nisizisikie tena."

"Hii, mkuu, hata nikiibeba kutwa nzima nitasahau ninayo."

Furaha hiyo haikufika jioni. Walipokwenda uwanja wa shabaha nyuma ya kituo, risasi ya kwanza iliingia katikati ya karatasi. Ya pili ikapanda. Ya tatu ikakimbilia pembeni kabisa, kama inatafuta mlango wa kutokea. Na kila aliyofyatua ilimpiga teke ambalo bunduki ya zamani haikuwahi kumpiga. Risasi zilikuwa zile zile, ila chuma cha kuzipokea kilikuwa kimepungua, kwa hiyo salio lote lilimwangukia yeye begani.

Akakaza skrubu za darubini ya kulengea iliyo juu ya mtutu. Siku ya pili mambo yakawa yale yale.

"Bi Shabaha," mmoja wa wenzake akamtania, "siku hizi unalenga karatasi, au unalenga jirani yake?"

Alicheka na wenzake, lakini kicheko kiliishia mdomoni.

Wiki hiyo hiyo wifi yake alimwita shambani. Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mume wake, mjane, mwenye shamba la mahindi kandoni mwa kichaka na ulimi usiojua kupumzika.

"Nimekuita uwaue, wifi," alimwambia alfajiri walipokuwa wamejibanza nyuma ya kibanda. "Usije ukawaamsha tu ukaenda zako."

Kulipoanza kupambazuka, dume moja kubwa lilitoka kichakani, likaanza kuangusha mabua kama lina kisasi nayo. Halikuwa mbali. Bi Shabaha akalenga nyuma tu ya bega la mnyama, mahali alipopajua kama anavyojua jiko lake. Akafyatua. Nguruwe akapiga yowe, akazunguka, akaingia kichakani huku mguu wa nyuma ukiburutika.

Risasi ilikuwa imempata kiunoni.

Nguruwe aliyejeruhiwa haachwi, kwa sababu ya uchungu wake na kwa sababu ya mtu atakayekutana naye. Bi Shabaha alifuata damu kwenye majani, miiba ikimchana mikono, jua likipanda. Alipomwona tena alifyatua akamkosa. Ilipokaribia saa sita ndipo alipomkuta amelala chini ya gogo, akihema, akimtazama. Akamsogelea, akammaliza.

Kisha akakaa chini. Hakulia. Alitukana, matusi ambayo hata yeye alikuwa hajui kwamba anayajua. Hakuwahi kumwacha mnyama asubuhi nzima akisubiri risasi ya kummaliza.

Wifi alifika akihema na panga mkononi. "Si amekufa? Sasa umenuna nini?"

"Amekufa vibaya."

"Mahindi yangu nayo yalikufa vibaya, wifi, na hukuyalilia."

Kituoni habari zilimtangulia. Mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo hakulifanya ila kwa mambo mazito.

"Umri unakwenda, mama. Nenda ukapime macho."

Alikwenda, na njia nzima aliomba kimoyomoyo macho yakutwe mabovu. Miwani ingemaliza kesi. Mpima macho alimsomesha herufi mpaka zile ndogo kama chawa, akazisoma zote.

"Macho yako mazuri kuliko yangu," akamsifu.

Bi Shabaha alitoka pale amekasirika kama mtu aliyetukanwa.

Mume wake alikuwa seremala wa pale pale nyumbani. Karakana yake ilikuwa ukumbi wenyewe wa mbele, kwa hiyo mtu aliingia ndani akikanyaga vumbi la mbao. Alimwona mkewe akibadilisha shati.

"Hilo bega! Limeiva kama biringanya."

"Litapoa."

Akafikiri kidogo, mkono kwenye randa. "Labda ule mti wa bunduki unagusa mtutu. Mti ukinywa unyevu unavimba, unakisukuma chuma. Hata milango..."

"Mume wangu, nikiwa na mlango mbovu nitakuita. Bunduki niachie mwenyewe."

Yule bwana akarudi kupiga randa, polepole kuliko kawaida. Bi Shabaha alijua amekosa. Badala ya kuomba radhi, akafunga vifungo vya shati.

Lakini maneno ya mume yalimkaa kichwani. Fundi wa silaha alipokuja kukagua ghala, mtu mpole aliyezoea kutafuna njiti ya kiberiti, Bi Shabaha alimdaka kabla hajaketi.

"Fundi, nitazamie hapa. Mti haugusi mtutu?"

Fundi alichukua kipande cha karatasi, akakipitisha kati ya mti na chuma, kikateleza toka mwanzo hadi mwisho bila kukwama popote. "Haugusi, mama. Umeachana nao vizuri."

Hata hilo nalo! Alimkaripia mume kwa kusema, na sasa alitaka kumkaripia tena kwa kukosea.

Walikwenda uwanjani. Fundi alilaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akafyatua, akasubiri, akafyatua tena, akasubiri, akafyatua ya tatu. Matundu yote matatu yalikaa pamoja, ungeyafunika kwa kiganja.

"Mtutu mwembamba unapata moto upesi," alisema, "na ukipata moto, risasi zinatangatanga. Upe muda upoe."

"Basi ndilo tatizo lenyewe!" Bi Shabaha aliruka. "Si nilisema?"

"Hilo ni tatizo la risasi ya tatu. Yule nguruwe ulimpiga vibaya kwa risasi ya ngapi?"

Ilikuwa ya kwanza, mtutu ungali baridi kama maji ya mtungi.

Fundi alimgeuzia mgongo, akajaza risasi mwenyewe, akampa bunduki. "Piga wewe, mama. Usiharakishe."

Alipiga. Mshindo, teke. Akavuta komeo, akalisukuma, akalenga tena, akabana kifyatulio. *Ta!* Sauti kavu, basi. Fundi alikuwa amechanganya risasi moja isiyo na baruti. Bunduki haikulia, lakini mdomo wa mtutu ulichota chini, bega likaruka nyuma, na macho ya Bi Shabaha yalikuwa yamefumba.

Wenzake waliokuwa wamesimama ukutani waliona. Hakuna aliyecheka, na kule kutocheka kulimchoma kuliko utani wote.

"Unaliogopa teke," fundi alisema kwa upole.

"Mimi? Nimeanza kupiga bunduki wewe hujaota ndevu!"

"Kweli kabisa. Ila ile nzito ilikuwa inakusitiri. Mkono ukitetemeka, uzito ulimeza. Ukibana kifyatulio kwa pupa, uzito ulimeza. Hii haina tumbo la kumezea. Bega likiuma, yenyewe inasema. Ukihema vibaya, inasema."

"Kwa hiyo nimepewa bunduki mmbeya."

"Mmbeya hasa, mama. Na kibaya zaidi, hasemi uongo."

Toka siku hiyo Bi Shabaha alianza upya kama mwanafunzi. Kila mchana, wenzake wakienda kula, alibaki ghalani na bunduki tupu. Mkono wa kushoto uivute taratibu ikae begani, isipewe nafasi ya kuruka. Kidole kibane kama mtu anayekamua limau kwa ajili ya mgonjwa. *Ta.* Tena. *Ta.* Siku nyingine ilikwenda vizuri, akatoka anaimba. Siku nyingine mtutu ulichota kila mara, akatamani kuutupa chooni.

Alimwendea mume wake karakanani. "Nina shida ya kitu laini cha kupunguza teke."

Hakusema zaidi, na mume hakudai zaidi. Alikata mpira, akauchonga ukaingia kwenye kitako kama vilizaliwa pamoja. Mkuu alipouona akasema mali ya ofisi haibandikwi vitu, akaamuru ung'olewe. Mume akakata sponji ya kochi badala yake, Bi Shabaha akaishona ndani ya shati la kazi. Akawa anatembea bega moja juu kama kuku aliyenyeshewa, na utani ukarudi kituoni kwa nguvu mpya.

Msimu ukaendelea, na wifi akaita tena.

Safari hii walitoka nguruwe kadhaa, upande wa mbali wa shamba. Kwa bunduki ya zamani, na bega la zamani, angefyatua bila kufikiri.

"Piga!" wifi akanong'ona.

"Mbali."

"Zamani si ulikuwa unapiga toka hapa hapa?"

"Zamani nilikuwa pia nina kiuno. Nyamaza, wifi."

Alijilaza akatambaa katikati ya mistari ya mahindi, magoti yakilalama, udongo ukimwingia kifuani. Huku nyuma alimsikia wifi akisonya. Alifika penye kisiki, akaegemeza mkono wa kushoto juu yake, akailaza bunduki kiganjani. Akahema. Akasubiri jike lililokuwa mbele ligeuke ubavu. Akakamua.

Jike likaanguka pale pale, hata sikio halikutikisika.

Wengine walitimka, lakini mmoja alisimama akageuka kutazama, ubavu wote wazi. Bi Shabaha alikwisha vuta komeo na kulisukuma. Msalaba wa darubini ulitulia juu ya mnyama. Hapo akalihisi bega likijikunja lenyewe, likijiandaa kupigwa, na akajua mtutu utachota. Akangoja litulie. Halikutulia. Akaondoa kidole.

Nguruwe akaingia kichakani, mzima wa afya.

"Wifi!" Kelele zilitoka kibandani. "Yule alikuwa anakusubiri wewe! Alikuwa anapiga picha!"

"Nimemwona."

"Sasa mbona hukupiga?"

Bi Shabaha alitoa risasi ndani ya bunduki, akaipangusa udongo, akaitia mfukoni. Angeweza kueleza mambo ya bega na sponji na fundi. Alimtazama wifi yake akija kwa hatua ndefu, amekunja uso, akaona hana nguvu ya maneno yote hayo.

"Nimeua mmoja, na amekufa vizuri," alisema. "Wa pili sikuwa na uhakika naye."

"Na huyo wa pili kesho atakula ya nani? Yako?"

"Yako. Na mimi nitakuja tena."

Wifi alisonya kwa mara nyingine, akainama akashika mguu mmoja wa nguruwe. Bi Shabaha akashika mwingine, kwa mkono wa kushoto, wakaanza kumburuta kutoka kwenye mahindi, kila mmoja akinung'unika yake.