Siku Niliyomtumia Mama Mkwe Wakata Miwa

Aibu niliyoipata Matungu haijaniisha, na bado nikiisimulia nachanganyikiwa, kwa hivyo mkicheka chekeni polepole.

Mimi naandika programu katika ofisi moja hapa Amalemba. Tulikuwa tunatengenezea chama cha wakulima mfumo wa miwa: shamba likiwa tayari, wakata miwa wanapata ujumbe kwa simu. Bosi wetu, Madam Violet, ana sheria: "Ujumbe utoke mtu akibonyeza kitufe cha kuidhinisha, si kisanduku cha hali ya shamba kikibadilika. Kisanduku watu wanakigusanga ovyo." Mimi nikaona hiyo ni kujichosha bure, nikaufanya ujumbe utoke kisanduku kikibadilika tu. Kujaribu, nikachagua shamba la mama yake Nafula, mchumba wangu (wazee wangu walikuwa waende kwao Jumamosi hiyo kumposa), nikageuza "changa" kuwa "tayari", ujumbe ukaenda, tena kwa wakata miwa wa kweli! Nikarudisha "changa" mbio, kundi la pili likaitwa, nikageuza tena, la tatu, na mimi nabonyeza tu kama mtu anayekung'uta siafu (kumbe kwa programu kila badiliko ni badiliko, haiulizi kisanduku kimekuwa nini).

Simu ya Nafula ilikuwa imezima. Nimpigie mama mwenyewe? Kwetu mama mkwe hata mkono humpi! Nikarukia boda hadi kwao Matungu.

Nilikuta watu na mapanga wanagombania miwa isiyofika kiunoni. "Sisi ndio tuliitwa kwanza!" "Nyinyi mnatudanganyanga kila siku!" kundi lingine linajibu. Mama amesimama katikati, mikono ameitandaza, Nafula nyuma yake analia. Nikakimbia nikipiga kelele, "Msikate, ni mimi!" nikateleza mtaroni, nikashika kitu cha kwanza nilichokipata, na kitu hicho kilikuwa mkono wa mama mkwe.

Mapanga yote yakashuka.

"Haki huyu si ndiye mkwe?" mmoja akauliza.

Mama akauchomoa mkono, akanipa mgongo, akamwambia Nafula kana kwamba mimi niko Mumias, "Muulize huyo, miwa yangu imemkosea nini?" Mimi nikajipangusa matope, naye akaongeza, "Na umwambie wazee wake wasikuje Jumamosi. Wakuje miwa ikikomaa."

Sasa kila ujumbe nauweka kwenye kitufe, na kitufe nakiwekea swali, na sheria ya Madam Violet siigusi tena maisha yangu yote. Nafula bado yuko kwao. Mvua ikinyesha, wenzangu ofisini wanalalamika matope, mimi nasimama dirishani naomba iongeze.